Ndoa ya Mila, ya Msikitini, ya Kanisani au ya Bomani: Talaka za Uganda Kando ya Talaka za Kwingine

Kwenye vikao vya posa, iwe Bombo, Jinja au Kampala, kuna swali ambalo vijana huliuliza pembeni wazee wakishaanza kula: kati ya ndoa zinazokubaliwa na sheria ya Uganda, ipi haivunjiki ovyo? Binti anataka kanisani kwa sababu amesikia waliooana kanisani hawaachani. Mjomba wake anashikilia kwamba ng'ombe wa mahari ndio humtuliza mke. Sheikhe naye ana yake. Kila mmoja ana mfano wa jirani, na kila mmoja ana takwimu aliyoiona kwenye simu: "Marekani nusu ya ndoa zinavunjika."

Nitazipanga ndoa hizo bega kwa bega, kila moja nikiisogezea jamii ya mbali ambayo talaka zake zimehesabiwa kwa muda mrefu, zikapanda na kushuka mbele ya macho ya watu. Msimamo wangu nautoa mapema. Wingi wa talaka hauelezi nani wanapendana. Unaeleza mlango wa kutokea una upana gani, ufunguo uko mkononi mwa nani, na kama pale mlangoni kuna anayehesabu. Anayechagua ndoa angefanya vyema kuuliza hayo matatu kabla ya kuuliza gharama za hema.

Tuanze na hiyo nusu ya Marekani. Ilipatikana kwa kugawa talaka za mwaka mmoja kwa harusi za mwaka huohuo. Mwaka 1981 kulikuwa na harusi kama milioni 2.4 na talaka kama milioni 1.2, gawanya, nusu hiyo hapo. Lakini walioachana mwaka ule si wale waliooana mwaka ule. Wengine walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini. Kipimo kinachotumika zaidi ni talaka kwa kila watu 1,000, na kwa kipimo hicho Marekani ilifika 5.3 mwaka 1981, kisha ikateremka hadi 2.4 mwaka 2022. Sehemu ya kuteremka huko ni watu kuoana wakiwa wamekomaa. Sehemu nyingine ni kwamba wengi hawafungi ndoa kabisa, na asiyefunga ndoa hawezi kuandikiwa talaka.

Kilete kipimo hicho Uganda, kinapotosha zaidi. Karibu nusu ya Waganda ni watoto wa chini ya miaka 18, kwa hiyo unapogawa talaka kwa watu wote unawahesabu hata wanaonyonya. Tena nyumba nyingi zinazovunjika hapa kwetu hazipiti mbele ya karani yeyote. Mtu akikutajia kiwango cha talaka cha Uganda kwa nambari moja tu, muulize amehesabu ndoa zipi. Chenye nafuu ni tafiti za kaya, zile ambazo wahoji hukaa na wanawake na kuwauliza wameolewa mara ngapi na ndoa ya kwanza iliishia wapi. Kwa nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, tafiti hizo hazikuona lile ongezeko ambalo wazee hulililia. Mahali pengi uvunjikaji ulibaki palepale au ukapungua katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita na mwanzo wa hii.

Ndoa ya mila

Hii ndiyo ya wengi, na ndiyo yenye maneno mengi. Sheria ya kuandikisha ndoa za kimila ya mwaka 1973 inaitambua kikamilifu, inaruhusu mke zaidi ya mmoja, na inataka wanandoa wakaiandikishe gombolola (ofisi ya kata ndogo ya wilaya) ndani ya miezi sita. Wanaokwenda ni wachache. Picha za kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mume kwa ukweni, zinatunzwa kuliko cheti.

Hoja ya mjomba kuhusu ng'ombe ina historia ndefu kuliko anavyodhani. Mwaka 1950 mwanaanthropolojia Max Gluckman aliwaweka Walozi wa Zambia ya leo mbele ya Wazulu wa Afrika Kusini. Walozi walitoa mahari ndogo na kuachana sana. Wazulu walitoa ng'ombe wengi na kuachana kwa nadra. Mjomba angepiga makofi hapo. Ila Gluckman mwenyewe alisema ng'ombe ni dalili tu; kinachoshika ndoa ni mfumo wa ukoo, kwa maana kwamba Mzulu akishaoa, mke na watoto ni wa nyumba ya mume hata mume akifa. Kisha likaja jibu kutoka kwetu. Lloyd Fallers, aliyefanya utafiti Busoga, aliandika mwaka 1957 kwamba Wasoga nao wanafuata ukoo wa baba na wanalipa mahari, lakini wake huondoka mara nyingi sana. Kwa nini? Kwa sababu mwanamke wa Kisoga hamezwi na ukoo wa mume. Anabaki binti wa baba yake na dada wa kaka zake, na pande mbili zinamvuta. Ukoo uleule wa baba unaoimarisha ndoa mahali pengine, Busoga unaitikisa.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu ng'ombe, kijana, uliza mkeo atahesabiwa wa nani. Ng'ombe kumi hawatajibu hilo.

Upande wa ufunguo, ndoa ya mila imebadilika kuliko zote, na kiini chake ni kesi moja. Kwa desturi ya makabila mengi, mke akitaka kuondoka ilibidi baba yake arudishe mahari. Ng'ombe walikuwa wameshaliwa, au wameshatumika kumwolea kaka. Baba alimwambia binti arudi akavumilie, na kweli binti alirudi, na ndoa hiyo ikahesabiwa imara. Shirika la Mifumi la Tororo lilipeleka suala hilo mahakamani. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa ya mila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Mimi naihesabu hukumu hiyo kuwa na uzito kuliko sheria yoyote ya ndoa iliyopita bungeni tangu uhuru, ingawa vijijini bado wapo wanaodai ng'ombe wao kana kwamba haikusomwa.

Sasa itazame Japani, kwa sababu inatufaa kuliko Ulaya. Mwaka 1883 Japani ilikuwa na talaka takriban 3.4 kwa kila watu 1,000, kiwango cha juu kabisa kwa zama zile. Bibi harusi aliingia kwa wakwe, akapimwa kwa kazi na tabia, na asipowapendeza alirudishwa kwao bila kesi. Sheria mpya ya kiraia ilipoanza mwaka 1898, talaka ziliporomoka, na kufikia miaka ya 1930 zilikuwa chini ya 1. Wajapani walijifunza kuvumiliana kwa miaka michache hiyo? Wengine labda. Lakini jambo mojawapo lilikuwa la daftari tu: familia nyingi zilichelewa kuandikisha ndoa hadi waone kama mke atakaa, au atashika mimba. Aliyeondoka kabla ya kuandikwa hakuwa mtalaka. Kwenye vitabu hakuwahi kuolewa. Talaka zilipanda tena baadaye, zikafika kilele mwaka 2002, karibu 290,000 kwa mwaka huo, na tangu hapo zimekuwa zikishuka.

Uganda ya leo inaishi mwanzo wa hadithi ile. Mume na mke waliofanya kwanjula, wakazaa, wakajenga, wasiandikishe, wakiachana hawaongezi hata moja kwenye takwimu. Hasara haiko kwenye takwimu, iko kwa yule anayesimama mbele ya hakimu akidai haki yake katika nyumba ya Mukono, na upande wa pili unasema: huyu alikuwa mgeni tu.

Ndoa ya msikitini

Sifa yake mbaya ni kwamba talaka zake ni nyingi na nyepesi. Wepesi wa mlango siukatai. Mume anatamka, eda inahesabiwa, na mke naye anaweza kuomba khului kwa kurudisha mahari, au kumwomba kadhi aivunje ndoa kwa sababu kama kutotunzwa. Sheria ya Uganda inayoihusu ni ya mwaka 1906, inaiachia ndoa na talaka hukumu ya dini na kutaka viandikishwe. Katiba ya 1995, ibara ya 129, inazitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi.

Je, mlango mwepesi lazima ulete talaka nyingi milele? Waislamu wa Malaysia ya leo wanajibu vizuri. Katikati ya karne iliyopita, majimbo kama Kelantan na Terengganu yalikuwa na talaka nyingi kuliko karibu popote palipohesabiwa duniani, na Java Magharibi huko Indonesia haikuwa mbali. Mabinti waliozwa na wazazi wakiwa na miaka kumi na tano, kumi na sita. Wengi waliachana ndani ya muda mfupi, na ndoa ya pili wakajichagulia wenyewe. Kisha shule zikasambaa, umri wa kuolewa ukapanda, vijana wakaanza kuchagua tangu mwanzo, na talaka zikashuka kwa kasi wakati Ulaya na Marekani zilikuwa zinapanda. Dini ilikuwa ileile. Indonesia iliongeza sheria ya mwaka 1974 iliyotaka talaka ipite mahakamani.

Hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo ninapowashauri masheikhe wetu waangalie. Indonesia imepanda tena katika karne hii: mwaka 2022 talaka zilizidi 500,000, na kama robo tatu ziliombwa na wake. Talaka za zamani zilikuwa za mabinti waliozwa mapema na waume waliotamka. Hizi za sasa ni za wanawake wenye kipato wanaoujua mlango wa mahakama. Ukiziweka kwenye mstari mmoja wa grafu zinaonekana kitu kimoja.

Kwa Uganda, ambako utafiti wa kitaifa wa 2016 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18, funzo la Kelantan linawahusu Wakristo na Waislamu sawasawa. Umri wa bibi harusi unatabiri kuliko jengo alimofungiwa ndoa.

Kwa binti anayechagua ndoa ya msikitini, faida moja husahaulika: mahari ni mali yake mwenyewe, baba hana haki ya kuila. Aitaje kwa kiasi cha maana, iandikwe, na sehemu ya baadaye isiachwe hewani. Masharti yake, kama la mke wa pili, ayaseme siku ya posa mbele ya walii na mashahidi.

Kanisani na bomani

Hizi mbili nazitia chungu kimoja, na waumini wataudhika. Kisheria ni ndoa moja. Zote ziko chini ya Sheria ya Ndoa ya 1904, zote ni mke mmoja mume mmoja, na anayetaka kutoka anapita mlango uleule wa mahakama kwa Sheria ya Talaka ya mwaka huohuo. Padri hawezi kukupa talaka, wala hawezi kuizuia mahakama isiitoe. Kanisa Katoliki lina utaratibu wake wa kubatilisha ndoa, lakini hilo ni jambo la sakramenti.

Ufunguo wake ulikuwa wa mume kwa miaka mia moja kamili. Mume alihitaji kuthibitisha uzinzi tu. Mke alitakiwa athibitishe uzinzi na kitu juu yake: ukatili, au kutelekezwa miaka miwili, au mengine ya aibu. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba, kwa kesi iliyoletwa na chama cha mawakili wanawake, ilifuta ubaguzi huo. Leo sababu ni sawa kwa wote wawili. Bado kesi inaanza kwa kumnyoshea mwenzako kidole, na baada ya hukumu ya kwanza ni lazima miezi sita ipite kabla ya hukumu kamili. Bunge limejaribu kuzipanga upya sheria hizi likashindwa: muswada wa mahusiano ya kifamilia uliandamwa na wanawake wa Kiislamu barabarani Kampala mwaka 2005, na muswada wa ndoa na talaka wa 2009 uliwekwa kando 2013. Ndiyo maana tunaoana leo kwa sheria za 1904, 1906 na 1973. (Wahindu wana yao ya 1961, na wasomaji wake wanaijua kuliko mimi.)

Binti anayesema waliooana kanisani hawaachani aangalie Ireland. Katiba ya 1937 ilikataza talaka kabisa. Kura ya maoni ya 1986 ilishindwa, ile ya Novemba 1995 ikapita kwa asilimia 50.28. Wapinzani walitabiri mafuriko. Mafuriko hayakuja, Ireland mpaka leo ni miongoni mwa nchi zenye talaka chache Ulaya. Lakini hata kabla ya 1997, sheria ilipoanza kazi, sensa zilikuwa zinaonyesha waliotengana. Nyumba zilikuwa zimekwisha, majina bado yameunganishwa. Hali hiyo Uganda tunayo kwa wingi: mke Masaka, mume Kampala na mwanamke mwingine, na kwenye daftari la parokia ndoa ni nzima.

Uingereza inaonyesha upande wa pili, mlango ulipofunguliwa ghafla. Sheria mpya ilianza 1971. England na Wales zikatoka talaka kama 74,000 mwaka ule hadi 119,000 mwaka uliofuata. Hakuna taifa linaloacha kupendana ndani ya miezi kumi na miwili. Ilikuwa foleni ya waliokuwa wakisubiri. Kilele kilikuwa 1993, zaidi ya 165,000. Mwaka 2022, mwaka uleule walioruhusiwa kuachana bila kulaumiana, zilikuwa kama 80,000, chache kuliko mwaka wowote tangu 1971.

China ilifanya kinyume. Kuanzia Januari 2021 wanaokubaliana kuachana lazima wasubiri siku 30. Talaka za ofisini zikaanguka kutoka kama milioni 3.7 mwaka 2020 hadi milioni 2.1. Miaka miwili baadaye jumla ilikuwa imeanza kupanda tena. Mimi sina shaka siku 30 zinaokoa ndoa chache za hasira ya usiku mmoja. Anayepigwa nyumbani, siku 30 kwake ni kitu kingine.

Kwa hiyo kanisani au bomani? Tofauti iko kwenye watu watakaokuzunguka, na kwenye karatasi. Kanisa linaleta semina za ndoa, wasimamizi, jumuiya itakayobisha hodi ukigombana. Hakikisha tu lina leseni ya kufungisha ndoa na linapeleka taarifa zake kwa ofisi ya usajili, URSB. Makanisa mapya mengi hayana, na wachungaji wake hawasemi. Bomani, yaani URSB Kampala au kwa ofisa mkuu wa utawala wa wilaya, unapata cheti bila kwaya.

Kukaa pamoja tu

Jambo hili halina cheti, halina talaka, sheria ya Uganda hailiiti ndoa hata mkifika mwaka wa kumi na tano. Mlango ni mpana kuliko wote na hakuna anayehesabu. Aliyeweka jina lake kwenye kiwanja ndiye anayebaki nacho. Sina la kuongeza.

Nani achague nini

Kama mnatoka koo zinazojuana na mnaishi karibu nazo, ndoa ya mila ina nguvu ambayo cheti hakiwezi kuleta: shangazi wa binti anaweza kuingia nyumbani mwako saa mbili usiku na kukuuliza maswali, na utajibu. Ifanyeni, kisha nendeni gombolola na mashahidi kabla miezi sita haijaisha. Kama mnaishi mbali na wazee na mali zenu mnazichuma wawili, mimi ningechagua ile ya 1904, kanisani au bomani, kwa sababu mahakama inaijua vizuri na hakuna mke wa pili atakayeibuka na haki sawa. Kama dini yenu ni Uislamu na mnaishika, ya msikitini inatosha, mradi mahari na masharti viandikwe na cheti kikae kwa wote wawili.

Kundi linaloniuliza zaidi ni la mchanganyiko: binti wa Kinubi wa Bombo na kijana Mkatoliki wa Gulu. Sheikhe hatawafungisha huku kijana akibaki Mkristo. Padri atahitaji ruhusa ya askofu. Wanaotaka kubaki kila mtu na dini yake huishia bomani, tangazo lao linabandikwa siku 21, kisha wanafungishwa mbele ya mashahidi wawili. Waanze na mahari na baraka za pande zote mbili, hilo halizuii kitu, kwa kuwa sheria inaruhusu waliooana kimila kufunga ndoa ya bomani wao kwa wao. Ila kijana aelewe anachosaini: akisilimu baadaye na kutaka mke wa pili kwa kadhi, ndoa ile ya bomani bado inamzuia, na kuoa juu yake ni kosa la jinai mpaka mahakama iwe imeivunja.